Je, mkimbiaji wa mbio ndefu anahitaji unga wa asidi amino, au chakula cha kawaida kinatosha?

Mkimbiaji_Moshi ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninakimbia marathoni, nina uzito wa kilo 58, na kwa sasa ninajiandaa kwa mashindano yetu ya Kilimanjaro. Kwa wiki ninakimbia kati ya kilomita 90 na 110, yakiwemo mazoezi ya kasi siku ya Jumanne na mbio ndefu alfajiri ya Jumamosi. Kinachonisumbua ni siku inayofuata, kwa sababu miguu huwa mizito kiasi kwamba ngazi za ofisini nazipanda nikishikilia ukuta, na mara nyingi mazoezi yanayofuata nayafanya nikiwa bado sijarudi katika hali yangu.

Katika ukumbi ninaokwenda kunyanyua vyuma, kijana anayeuza virutubishi amenishauri ninunue kopo la BCAA, yaani unga wa asidi amino (chembe zinazounda protini) za lusini, isolusini na valini. Lebo yake inaonyesha kwamba kijiko kimoja kina lusini gramu 2.5, isolusini gramu 1.25, valini gramu 1.25, na asidi amino nyingine, glutamini, gramu 1. Amenieleza kwamba unga huo unazuia misuli kuliwa na mwili wakati wa mbio, unaondoa uchovu wa ubongo, na unaharakisha kupona. Bei yake si ndogo kwa mshahara wangu.

Mlo wangu ni huu: ninaamka na kukimbia kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi, ninaoga, ninakunywa chai ya rangi na andazi moja au kipande cha muhogo, kisha ninakwenda kazini. Saa 7 mchana ninakula wali na maharage kwa mama ntilie. Usiku ninakula ugali na mboga za majani, na samaki au nyama mara mbili au tatu kwa wiki. Naomba kujua kama kopo hilo litanisaidia, na kama halitanisaidia, nifanye nini badala yake.

AfisaLishe_Arusha amejibu:

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuueleza mlo wako bila kuficha, maana jibu limo humo zaidi ya lilivyo kwenye lebo. Mimi ni afisa lishe na baadhi ya ninaowahudumia ni wanariadha, hivyo nitaanza na kopo kisha nihamie kwenye sahani.

Mwili hutumia asidi amino 20 kutengeneza protini zake, na kati ya hizo 9 hauwezi kuzitengeneza wenyewe, kwa hiyo ni lazima ziletwe na chakula. Lusini, isolusini na valini ni 3 kati ya hizo 9. Sifa ya lusini si ya kubuniwa, kwa sababu ndiyo hasa inayoiashiria seli ya msuli kwamba wakati wa kujenga umefika. Lakini ishara ya kujenga ni jambo moja na vifaa vya kujengea ni jambo jingine: fundi aliyeletewa milango na mabati bila tofali hata moja anaweza kufika kazini mapema na kwa moyo mkunjufu, ila nyumba haitainuka. Asidi amino 6 zilizobaki zisipoletwa na chakula, mwili huzichota kwa kubomoa protini za misuli ileile unayotaka kuijenga. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambalo gramu 5.6 za BCAA, zikinywewa baada ya mazoezi ya vyuma, ziliongeza ujenzi wa protini za misuli kwa asilimia 22 kuliko kinywaji cha kulinganishia. Ongezeko hilo lipo, lakini ni kama nusu tu ya lile lililoonekana katika majaribio ya awali ambayo watu walikunywa protini kamili ya maziwa yenye kiasi kinachokaribiana cha BCAA.

Dai la uchovu wa ubongo lina asili ya heshima. Eric Newsholme wa Chuo Kikuu cha Oxford alipendekeza katika miaka ya 1980 kwamba triptofani, ambayo ni asidi amino nyingine, na BCAA hugombea mlango mmoja wa kuingilia ubongoni. Mbio zinaporefuka, BCAA hupungua katika damu, triptofani hupata nafasi ya kupita kwa wingi, kisha hugeuzwa kuwa serotonini, kemikali ya ubongo, na mkimbiaji huhisi kuchoka. Ni nadharia nzuri kuisoma. Hata hivyo, mwaka 1995 watafiti wa Maastricht nchini Uholanzi waliwapa waendesha baiskeli maji ya sukari peke yake, kisha siku nyingine maji hayo yakiwa yameongezwa BCAA, na siku nyingine yakiwa yameongezwa triptofani, na muda waliodumu kabla ya kuishiwa nguvu haukutofautiana. Hata triptofani, ambayo kwa nadharia ile ilipaswa kuwalaza mapema, haikuwapunguzia chochote. Kuhusu glutamini, mwili wenye afya huitengeneza wenyewe kwa wingi, na gramu 1 haina uzito wowote katika hesabu hii.

Sasa tuje kwenye sahani. Unamaliza kukimbia saa 1 asubuhi, na mlo wako wa kwanza wa maana unaupata saa 7 mchana. Hapo katikati kuna saa 6, na kilichoingia ni andazi na chai isiyo na maziwa. Saa hizo chache za mwanzo ndizo ambazo msuli hunyonya sukari kwa kasi kubwa zaidi ili kujaza upya akiba yake ya wanga, yaani glaikojeni. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani pamoja na vyama vya wataalamu wa lishe vya Marekani na Kanada unapendekeza, kwa anayetaka kujaza akiba hiyo haraka, wanga wa gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa katika saa 4 za mwanzo, pamoja na protini ya gramu 0.25 hadi 0.3 kwa kila kilo ndani ya saa 2. Kwa kilo zako 58, hiyo ni wanga wa gramu 58 hadi 70 kwa saa, na protini ya takriban gramu 15 hadi 17. Wewe si lazima uufuate kwa ukali huo wa saa kwa saa, kwa kuwa una siku nzima au zaidi kabla ya zoezi gumu linalofuata, lakini saa 6 za kukaa karibu mtupu haziwezi kutetewa.

Nusu lita ya maziwa ina protini ya gramu 16 hadi 17 na wanga wa takriban gramu 24. Ongeza ndizi mbivu mbili kubwa na yai moja la kuchemsha, na utakuwa umeupata mlo wote huo kabla hujavaa shati la kazini. Ndani yake kuna lusini ya takriban gramu 2, karibu sawa na iliyomo kwenye kijiko cha kopo, isipokuwa hapa imekuja na zile nyingine 8. Maziwa fresh yakikusumbua tumbo, mtindi utafaa vilevile, kwa sababu sehemu ya sukari ya maziwa huwa imeshaliwa na bakteria wakati wa kugandishwa.

Kwa siku nzima, mkimbiaji wa kiwango chako hulenga protini ya takriban gramu 1.6 kwa kila kilo, yaani kama gramu 93, iliyogawanywa katika milo minne badala ya kurundikwa usiku. Wanga uwe kati ya gramu 6 na 10 kwa kila kilo kulingana na uzito wa mazoezi ya siku. Unga wa mahindi wa gramu 100 kabla ya kupikwa una wanga wa takriban gramu 75 na protini ya gramu 7 au 8, ila protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino za laisini na triptofani. Maharage yana laisini ya kutosha lakini yana upungufu wa asidi amino ya methionini, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo makande ni mlo wenye protini kamili, na wali wako wa maharage wa mchana unafuata kanuni hiyohiyo. Mwombe mama ntilie akuongezee kijiko cha maharage, na usiku weka dagaa karibu kila siku, kwani ni samaki wa bei nafuu na, wakiwa wakavu, nusu au zaidi ya uzito wao ni protini.

Kocha_Iten amejibu:

Nakubaliana na Afisa Lishe, nami ninaongeza kutoka huku kwetu Iten, Kenya. Watu hufikiri kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa wana siri ya kifuko fulani. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa kupima chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu wa Kenya kwa siku 7. Wanga ulikuwa asilimia 76.5 ya nishati yote, sawa na gramu 10.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini ilikuwa gramu 1.3 kwa kila kilo. Ugali ndio uliokuwa chanzo kikuu cha nishati, na uliofuatia ni sukari, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ile ya kwenye chai. Mgeni akifika kambini asubuhi baada ya mazoezi hukuta vijana wameketi kwenye viti vya plastiki, birika la chai ya maziwa limewekwa katikati, na mkate unakatwa vipande vinene. Hakuna anayekwenda kuoga kabla ya kikombe cha kwanza. Kwa kupenda tu chai tamu ya maziwa, wanapata maji, sukari, na protini kidogo kwa wakati unaofaa.

Hata hivyo sitaki mtu aichukue ripoti hiyo kama cheti cha ubora. Wakimbiaji haohao walikuwa wakila takriban kilokalori 2,987 kwa siku huku wakitumia takriban 3,605, jambo ambalo wengine hulisifu kwa kuwa lilikuwa wakati wa kujiandaa kwa mashindano makubwa. Mimi silisifu. Upungufu wa namna hiyo ukiendelea kwa miezi, mifupa huanza kupata nyufa, maambukizi ya mara kwa mara huja, na kwa wasichana hedhi hukatika. Nimewaona wanariadha wakitafuta unga wa kupona ilhali wanaruka chakula cha jioni ili wawe wepesi, na katika hali hiyo hakuna asidi amino inayofanya kazi yake, maana mwili uliopungukiwa na wanga huichoma kama kuni. Katika mbio ndefu asidi amino hutoa sehemu ndogo tu ya nishati, asilimia chache, lakini sehemu hiyo huongezeka glaikojeni inapokaribia kuisha. Anayetaka kulinda misuli yake isiliwe, kama muuzaji alivyosema, aanze kwa kula wanga wa kutosha.

Jambo moja zaidi kuhusu chai, hata kama linatoka kando kidogo: chai hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Chai ya baada ya mazoezi iendelee, lakini isinywewe pamoja na ugali na sukuma wiki, hasa kwa kina dada. Uzito wa miguu unaoulalamikia unaweza kuwa ni upungufu wa madini hayo. Nenda kapime damu, na uombe wapime ferritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini, badala ya kuishia kwenye hemoglobini.

Vyuma_na_Mbio amejibu:

Kwa heshima zote kwa Kocha na Afisa Lishe, mimi ninatumia BCAA na maumivu ya misuli yamepungua. Si kila mtu anaweza kubeba birika la chai na mayai ya kuchemsha anaposafiri kwenda mashindanoni, akalala nyumba ya wageni isiyo na jiko. Unga unaingia kwenye mkoba. Nadhani tusidharau vitu vya kisasa kwa sababu tu vinauzwa dukani.

AfisaLishe_Arusha amejibu:

Kaka, hoja yako ya maumivu sitaipuuza, kwa kuwa yapo majaribio yaliyoonyesha kwamba BCAA hupunguza kidogo maumivu ya misuli katika siku moja au mbili baada ya mazoezi magumu. Kinachokosekana ni ushahidi wa kueleweka kwamba nguvu au kasi hurudi mapema zaidi kwa mtu ambaye tayari anakula protini ya kutosha. Mtu anaweza kuamua kwamba kupungukiwa kidogo na maumivu kuna thamani ya pesa zake, na mimi sitamzuia, mradi ajue ananunua nini.

Kuhusu safari, hapo uko sahihi kabisa kwamba unga hubebeka, ila unga wa kubeba ni wa protini kamili. Protini ya wei, inayotokana na maziwa, inafaa. Maziwa ya unga ya kawaida, yale ya pakiti yanayouzwa kila duka, yanafaa pia kwa bei ndogo zaidi: gramu 60 za maziwa ya unga yenye mafuta yake zina protini ya gramu 15 au 16, pamoja na wanga. Korogea kwenye chupa ya maji safi, kula na mkate au tende, na nyumba ya wageni isiyo na jiko haitakuwa kikwazo. Ningewatenga tu watu wa aina mbili katika mjadala huu. Wa kwanza ni wakimbiaji waliopita miaka 50, ambao misuli yao huitikia protini kwa udhaifu zaidi na huhitaji kiasi kikubwa kidogo kwa kila mlo, kama gramu 0.4 kwa kila kilo. Wa pili ni wale wasiokula kabisa vyakula vya wanyama, ambao wanapaswa kula maharage, soya na karanga kwa wingi kuliko wanavyodhani. Hata hao hawahitaji BCAA peke yake.

Mdau_wa_Riadha amejibu:

Naomba kuongeza upande wa kanuni, kwa kuwa muuliza swali anashiriki mashindano rasmi. Asidi amino zenyewe hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Hatari iko kwenye kile ambacho hakikuandikwa kwenye lebo. Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne nchini Ujerumani, kwa ufadhili wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilipima virutubishi 634 vilivyonunuliwa katika nchi mbalimbali, na 94 kati yake, sawa na asilimia 14.8, vilikutwa na viambata vya homoni ambavyo havikutajwa kwenye lebo. Kanuni inamwajibisha mwanariadha kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua, na kusema kwamba muuzaji wa ukumbini ndiye aliyekushauri kunaweza kupunguza adhabu lakini hakufuti kosa.

Ukiamua kununua, tafuta bidhaa ambayo kila toleo lake limepimwa na mpango huru kama Informed Sport, hakikisha namba ya toleo iliyo kwenye kopo ndiyo iliyo kwenye tovuti yao, na uhifadhi risiti. Kopo lililofunguliwa na kugawanywa kwenye mifuko midogo ya nailoni, kama ninavyoona likiuzwa mara nyingi, lisiguswe kabisa.

Liko pia suala la dripu. Siku hizi wapo wanaotundikiwa dripu za asidi amino na vitamini baada ya mbio ili wapone haraka. Mwanariadha aelewe kwamba kuingiza kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 katika muda wa saa 12 ni kosa hata kama kilichomo ni maji ya chumvi tupu, isipokuwa pale ambapo ni sehemu ya matibabu ya hospitali, upasuaji, au uchunguzi wa kitabibu.

Bi_Tanga ameuliza:

Assalamu alaykum. Nimefuatilia kwa makini, na ninaomba kuingiza swali linalohusiana. Nina kilo 52, ninakimbia nusu marathoni, na miaka hii Ramadhani inakaribiana na mashindano ya Moshi. Nimeambiwa kwamba nikinywa BCAA wakati wa daku zitalinda misuli mchana kutwa. Je, ni kweli? Na mazoezi niyaweke saa ngapi?

AfisaLishe_Arusha amejibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hapana, hazitafika mchana. Asidi amino zilizo huru hazihitaji kumeng'enywa, hivyo hupanda haraka kwenye damu na kushuka ndani ya saa chache. Kwa daku unahitaji kinyume chake, yaani protini inayokwenda polepole. Kaseini, ambayo ni sehemu kubwa ya protini ya maziwa, hugandia tumboni na kuachia asidi amino zake kwa muda wa hadi saa 7. Mtindi, mayai mawili, na kiporo cha wali wa maharage ni daku bora kuliko kopo lolote.

Kwa kuwa una nafasi tatu tu za kula, yaani futari, mlo wa baada ya tarawehe, na daku, kila nafasi inapaswa kubeba protini ya gramu 25 hivi ili ufikishe takriban gramu 1.5 kwa kila kilo kwa siku. Futari za pwani zina wanga mwingi kwa asili yake, kuanzia tende na uji hadi mihogo ya nazi na tambi, kwa hiyo huko hutapungukiwa. Kinachosahaulika ni samaki na kunde, ambavyo huachwa hadi mlo wa usiku wakati tumbo limeshajaa.

Mbio nyepesi ziweke katika saa ya mwisho kabla ya magharibi, ili umalize ukiwa umekaribia maji na tende. Mazoezi ya kasi na mbio ndefu yasifanywe ukiwa umefunga. Yafanye baada ya tarawehe, muda wa saa 2 au zaidi baada ya futari, ukiwa na chupa ya maji mkononi, na ukirudi ule mlo wako wa pili kabla ya kulala. Kama hilo haliwezekani kwa sababu za usalama wa barabarani usiku, punguza umbali wa mbio ndefu kwa mwezi huo na ubaki na zoezi moja fupi la kasi kwa wiki.